Mficha Maradhi Kifo Humuumbua: Ukweli, Amana na Maradhi ya Mlipuko kutoka Jinja hadi Mbale



Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na vijana wetu wanafunzi, makala yetu ya historia safari hii inahusu jambo linalogusa kila nyumba: nani anatuambia ukweli maradhi yanapoingia mjini, na kwa nini wakati mwingine tunamwamini na wakati mwingine hatumwamini. Tumechagua miji miwili ya mashariki ya Uganda, nayo ni Jinja na Mbale. Jinja ipo pale mto Nile unapotoka katika ziwa Victoria. Mbale ipo chini ya mlima Elgon, na ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda (IUIU), kilichofunguliwa mwaka 1988 na ambacho kimesomesha vijana wa Kiislamu kutoka nchi nyingi. Barabara inayotoka Kampala hupita Jinja na Iganga, kisha ikaelekea Mbale. Mabasi, malori na teksi hupita hapo usiku na mchana, na gari linalobeba wanafunzi na bidhaa laweza pia kubeba maradhi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi Novemba 2022 Ebola iligundulika Jinja. Mwezi Januari 2025 jina la Mbale likatajwa katika tangazo jingine la Ebola. Kila mara watu waliuliza maswali yaleyale: Je, wametuambia yote? Mbona wamechelewa? Na je, nikisema kuwa nami nilimgusa mgonjwa, nitafanywa nini?

Swali hilo la mwisho ndilo tunalotaka lizingatiwe sana. Mara nyingi tunaposema uwazi tunafikiria serikali peke yake. Lakini ukweli wakati wa maradhi ni amana ya pande mbili. Serikali ikificha, raia nao hujifunza kuficha. Na raia akiona kuwa kusema kweli kutamletea adhabu au aibu, hata serikali iliyo wazi haitajua maradhi yamefika wapi. Historia ya sehemu hizi inalionyesha jambo hili vizuri, hivyo tuanze nyuma kidogo.

MALALE: AMRI ISIYO NA MAZUNGUMZO

Zaidi ya miaka 120 iliyopita, Busoga, nchi ambayo Jinja ipo ndani yake, ilipatwa na msiba mkubwa. Kuanzia mwaka 1900 hivi watu wa kando ya ziwa walianza kusinzia, kukonda na kufa. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota, nasi kwa Kiswahili tunauita malale. Mwaka 1901 madaktari ndugu Albert na Jack Cook, wa hospitali ya Mengo, waliutambua ni ugonjwa gani. Kufikia mwaka 1903 watafiti, akiwemo David Bruce, walikuwa wameonyesha kuwa unatokana na kijidudu kinachoenezwa na mbung'o. Katika miaka michache ya mwanzo walikufa watu wapatao 200,000 katika Busoga, Buganda na visiwani.

Serikali ya kikoloni iliijua sababu, na Gavana Hesketh Bell akachukua hatua kubwa. Kuanzia mwaka 1906 na katika miaka iliyofuata, watu waliamriwa kuhama kando ya ziwa na visiwani ili wawe mbali na mbung'o. Wagonjwa walipelekwa katika kambi za kutengwa. Huko walipewa dawa iitwayo Atoxyl, iliyotengenezwa kwa aseniki, ambayo iliwapofusha baadhi ya waliotibiwa.

Hatusemi kuwa kuwahamisha watu hakukuokoa maisha. Kumwondoa mtu penye mbung'o kuna maana yake kitabibu. Lakini tuangalie namna jambo lilivyofanywa. Watu walipoteza mashamba, mitumbwi na makaburi ya wazee wao kwa amri ya mtawala ambaye hawakumchagua, na ambaye hakuona haja ya kukaa nao na kuzungumza. Kambi walizijua kuwa ni mahali ambapo mgonjwa huenda na harudi. Hivyo haishangazi kwamba wengine walirudi ziwani kwa siri kuvua samaki, na kwamba watu waliiogopa kambi kama walivyouogopa ugonjwa wenyewe.

Kumbukumbu za namna hii hazifutiki upesi. Babu husimulia, mjukuu husikia. Watu wa afya wanapokuja kijijini na magari na mavazi yao ya kujikinga, wanaingia mahali penye historia, hata kama wao wenyewe hawaijui.

UKIMWI: NENO LILILOSEMWA HADHARANI

Sasa tutazame mfano wa kinyume chake, ambao unapaswa kutufurahisha kama Waislamu kwani jamaa zetu walikuwa na mchango mkubwa.

Mapema miaka ya 1980 watu wa Rakai, magharibi ya ziwa Victoria, walianza kufa kwa maradhi yaliyowakondesha, wakayaita slim. Vita na machafuko ya wakati ule viliifanya nchi isiweze kulikabili jambo hilo. Mwezi Mei 1986, miezi michache tu baada ya serikali mpya kushika madaraka, Waziri wa Afya Dkt. Ruhakana Rugunda alisimama mbele ya mkutano wa Shirika la Afya Duniani (WHO) mjini Geneva na kusema wazi kwamba Uganda ina UKIMWI na inahitaji msaada. Wakati huo serikali nyingi zilikuwa zikikanusha au kunyamaza, zikihofia watalii na wafanyabiashara wasije. Uganda ilikubali kuaibika mbele ya dunia ili watu wake wapone.

Lakini tangazo la waziri halifiki kijijini kwa miguu yake. Lazima libebwe na mtu anayeaminika. Mwaka 1987 lilianzishwa shirika la TASO la kuwasaidia wenye UKIMWI, ambalo baadaye lilifungua vituo Jinja na Mbale pia. Mwaka 1988 madaktari wa Kiislamu walianzisha Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu ya Uganda (IMAU), na miongoni mwa viongozi wake alikuwa Dkt. Magid Kagimu. Mwaka 1989 jumuiya hiyo ilianza kukaa na masheikh na maimamu kuzungumza juu ya UKIMWI. Mwaka 1992 ukaanza mradi wa kuelimisha familia kupitia maimamu, na wilaya mbili za mwanzo zilikuwa Mpigi na Iganga. Iganga, kama tulivyosema, ipo kwenye barabara ileile kati ya Jinja na Mbale.

Mradi ulikwenda hivi. Imamu alifundishwa na madaktari, kisha yeye na wasaidizi wa kujitolea, wanaume kwa wanawake, wakazitembelea nyumba za waumini. Hawakutumwa wageni. Aliyebisha hodi alikuwa mtu aliyemswalisha baba mwenye nyumba, aliyefungisha ndoa ya binti yake na kumzika mama yake. Yalikuwapo mabishano, hasa kuhusu mipira ya kondomu, kwani maimamu wengi waliona kuwa kuitaja ni kuhalalisha zinaa. Madaktari hawakuwafokea wala kuwadharau. Waliyazungumza hatua kwa hatua, hata wakafika mahali pa kuelewana juu ya kumlinda mke au mume ndani ya ndoa. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI (UNAIDS) liliuchapisha mradi huo kuwa mfano bora wa kuigwa na nchi nyingine.

Maambukizo nchini Uganda yalishuka kutoka takriban asilimia 18 ya watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi kiasi cha asilimia 6 katikati ya miaka ya 2000. Sababu zake ni nyingi, na wataalamu bado wanazijadili. Lakini wengi wanakubaliana kuwa kusema kweli mapema, kutoka juu mpaka chini, kulikuwa na sehemu yake.

EBOLA YA 2000 NA YA 2007

Mwezi Oktoba 2000 Ebola ililipuka Gulu, kaskazini ya Uganda. Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor aliona wanafunzi wa uuguzi wakifa kwa namna isiyo ya kawaida. Hakusubiri, aliijulisha wizara moja kwa moja na kuandaa wodi ya kuwatenga wagonjwa. Waliugua watu 425, wakafariki 224, na yeye mwenyewe akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Nchi nzima ilijua kinachotokea, na maradhi yakadhibitiwa mapema mwaka 2001.

Mwaka 2007 mambo yalikuwa tofauti. Watu wa Bundibugyo, magharibi ya nchi, walianza kuugua mwezi Agosti. Serikali ilitangaza Ebola tarehe 29 Novemba. Siku chache kabla ya hapo, kuanzia tarehe 23 hadi 25 Novemba, Kampala ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, na Malkia wa Uingereza alihudhuria. Mara watu wakaanza kusema kuwa habari ilizuiwa ili wageni wasikimbie. Serikali ilikanusha, ikasema majibu ya maabara ndiyo yaliyochelewa. Ni kweli pia kuwa kirusi kile kilikuwa kipya, hakijapata kuonekana popote duniani, hivyo kukitambua hakukuwa rahisi.

Hatuna haja ya kumhukumu mtu hapa. Lakini tuone somo lake. Lau mapema watu wangeambiwa, "Kuna maradhi Bundibugyo, yanaua, bado hatujui ni maradhi gani, tumepeleka vipimo, na kwa sasa fanyeni hivi na hivi," shaka ile isingepata mahali pa kukaa. Mtu mzima anaweza kulivumilia neno "bado hatujui". Anachoshindwa kukivumilia ni kugundua kwamba mambo yalikuwa yanajulikana naye hakuambiwa. Kimya kina tafsiri zake, na aghalabu tafsiri hizo ni mbaya kuliko habari yenyewe.

EBOLA YAFIKA JINJA, 2022

Tarehe 20 Septemba 2022 Wizara ya Afya ilitangaza Ebola ya aina ya Sudan katika wilaya ya Mubende. Aina hii haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Ile iliyotumika Kongo ni ya aina nyingine. Kumbe kulikuwa na watu waliofariki kabla ya tangazo, na kijijini wengine walidhani ni uchawi.

Waziri wa Afya Dkt. Jane Ruth Aceng alikuwa akitoa idadi ya wagonjwa na waliofariki mara kwa mara, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo yalikuwapo mambo yaliyoitia imani ufa. Mwishoni mwa Septemba Rais Museveni alisema hakuna haja ya kufunga wilaya. Tarehe 15 Oktoba akazifunga Mubende na Kassanda. Mwezi huohuo mgonjwa aliyetoka Mubende alifariki hospitalini Kampala, na wizara ikasema Kampala bado haina Ebola kwa kuwa mgonjwa huyo alihesabiwa kuwa wa Mubende. Kwa hesabu za kitabibu maneno hayo yana mantiki yake. Lakini mama anayeuza nyanya sokoni hasikii hesabu. Yeye anasikia kuwa mtu amekufa kwa Ebola Kampala, na anasikia kuwa Kampala hakuna Ebola. Haikupita hata wiki mbili, wagonjwa wa Kampala wakaanza kuhesabiwa mmoja mmoja.

Kubadilisha uamuzi si kosa. Maradhi hubadilika na ujuzi huongezeka. Lakini anayebadilisha anapaswa kueleza, "Jana tulisema vile kwa sababu hii, na leo tunasema hivi kwa sababu ile." Asipoeleza, raia huona kuwa la jana lilikuwa uongo, na la leo huenda nalo likawa hivyo.

Tarehe 13 Novemba 2022 ikawa zamu ya Jinja. Wizara ilitangaza kuwa mtu aliyefariki huko siku tatu kabla alikuwa na Ebola. Alikuwa ametoka Kampala. Kwa mara ya kwanza katika mlipuko ule maradhi yalikuwa yamefika mashariki. Kazi iliyofuata ilikuwa ni kumtafuta kila aliyemkaribia, kisha kumwangalia kila siku kwa siku 21, kwani huo ndio muda mrefu zaidi ambao mtu anaweza kukaa na kirusi kabla ya kuugua. Shule za nchi nzima ziliamriwa kufunga tarehe 25 Novemba, wiki mbili kabla ya wakati wake, ili kupunguza msongamano wa watoto.

Alhamdulillah, maradhi hayakuenea Jinja. Tarehe 11 Januari 2023 ilitangazwa kuwa mlipuko umekwisha, baada ya kupita siku 42, yaani 21 mara mbili, bila mgonjwa mpya. Katika wilaya tisa waliugua watu 164, wakiwemo 142 waliothibitishwa maabara na 22 waliodhaniwa. Wote waliofariki walikuwa 77. Kati ya wahudumu wa afya waliambukizwa 19, wakafariki 7. Allah awarehemu wote.

MAITI WETU NA HOFU YETU

Hapa tunafika kwenye jambo linalotuhusu sisi Waislamu moja kwa moja, na hatutaki kulipita kimya, kwani tungekuwa tunafanya lilelile tunalowalaumu wengine.

Mwaka huohuo wa 2022, katika wilaya ya Kassanda, mwili wa mtu aliyefariki kwa Ebola ulifukuliwa baada ya kuzikwa na timu ya afya, ili uoshwe na kuzikwa upya kufuata dini. Baadhi ya walioushughulikia waliambukizwa, na wengine wakafariki. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola una virusi vingi sana, na josho la kawaida ni hatari kubwa kwa muoshaji.

Ni rahisi kusema kuwa watu wale walikuwa wajinga. Lakini tujiweke mahali pao. Ndugu yako amefariki. Wamekuja watu waliofunikwa mwili mzima, wamemtia katika mfuko, wamemzika. Hujui kama ameswaliwa. Hujui kama ameelekezwa kibla. Hakuna aliyekueleza lolote. Unaogopa kuwa umemtupa ndugu yako bila haki zake nne: kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa. Hofu hiyo inatokana na imani na mapenzi. Kilichokosekana hapo ni mtu anayeaminika wa kusema naye.

Na jawabu lilikuwapo tangu zamani. Mwaka 2014, wakati Ebola ilipokuwa ikiua maelfu Guinea, Liberia na Sierra Leone, WHO ilitoa mwongozo wa mazishi salama yenye heshima, uliotayarishwa pamoja na viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo. Kwa maiti wa Kiislamu, mwongozo huo unakubali tayamamu bila kuigusa ngozi yake, na kitambaa au mfuko mweupe kuchukua nafasi ya sanda. Familia inaruhusiwa kusimama kwa mbali na kumswalia. Sheria yetu inajua dharura, na wanazuoni wamekwisha kueleza kuwa mwenye kushindwa maji hutayamamu. Tena Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Muislamu anayekufa kwa tauni anahesabiwa miongoni mwa mashahidi. Lau mambo haya yangesemwa juu ya mimbari siku ya Ijumaa kabla ya msiba kufika, huenda koleo lisingechukuliwa.

MBALE, 2025

Tarehe 30 Januari 2025 ulitangazwa mlipuko mwingine wa Ebola ya Sudan. Aliyefariki, siku moja kabla, alikuwa muuguzi wa hospitali kuu ya Mulago, Kampala. Kabla ya kufariki alikuwa ametafuta matibabu mahali kadhaa, ikiwemo hospitali ya rufaa ya Mbale, na pia kwa mganga wa kienyeji.

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa. La kwanza ni kuwa tangazo lilitoka siku moja tu baada ya kifo, na likataja sehemu alizopita. Kutaja sehemu kuna faida kubwa. Mtu aliyekuwa hospitali ileile siku zile anajijua, naye hujitokeza. Watu zaidi ya 40 waliokutana naye waliorodheshwa haraka. Tarehe 3 Februari, siku nne baada ya tangazo, chanjo ya majaribio ilianza kutolewa kwa waliokuwa karibu na wagonjwa. Mwaka 2022 chanjo za majaribio zilikuja mwezi Desemba, wakati wagonjwa walikuwa wamekwisha, zikakosa wa kumjaribia. Jaribio la 2025 lilipewa jina la Kiswahili, Tokomeza. Mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 26 Aprili 2025, baada ya kuugua watu 14, wakiwemo wawili waliodhaniwa, na kufariki wanne.

La pili ni gumu zaidi. Aliyefariki alikuwa mtu wa afya, na bado alizunguka sehemu nyingi kabla ugonjwa wake haujajulikana. Hatumlaumu, Allah ndiye ajuaye hali yake. Kila mmoja wetu akiugua hufanya hivyohivyo: leo duka la dawa, kesho zahanati, keshokutwa kwa mganga, kisha nyumbani kwa wazazi. Mbale walikumbushwa jambo ambalo tayari walilijua, kwani mwaka 2017 maradhi ya Marburg, ndugu wa Ebola, yaliua watu watatu wa familia moja huko Kween, kwenye miteremko ya mlima uleule wa Elgon. Serikali inaweza kutangaza saa hiyohiyo maabara inapotoa jibu. Lakini kabla ya maabara kuna mgonjwa na ndugu zake, na wao ndio wanaoanza kusema au kuficha.

SAYYIDNA UMAR NJIANI KUELEKEA SHAMU

Jambo hili si geni katika historia yetu. Sayyidna Umar bin al-Khattab (RA) alipokuwa akielekea Shamu, alifika mahali paitwapo Sargh, na makamanda wake wakiongozwa na Abu Ubayda bin al-Jarrah (RA) wakaja kumpa habari kuwa tauni imeingia nchini. Hii ndiyo tauni ya Amwas, iliyoenea takriban mwaka 18 Hijria, sawa na 639. Makamanda hawakumficha mkubwa wao ili safari yake isiharibike.

Umar hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina wakahitalifiana. Akawaita Ansari nao wakahitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakaafikiana kuwa arudi na watu. Ndipo akatangaza mbele ya wote kuwa asubuhi watarudi. Abu Ubayda akamuuliza hadharani kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar hakumnyamazisha. Alimjibu kwamba wanatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Kisha akaja Abdur-Rahman bin Awf (RA), ambaye hakuwapo, akasema kuwa alimsikia Mtume (SAW) akikataza kuingia nchi yenye tauni, na pia kutoka humo kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Allah, akarudi.

Tuzingatie, ndugu zetu. Kiongozi aliambiwa ukweli na walio chini yake, akasikiliza wanaotofautiana, akaeleza sababu ya amri yake mbele ya watu, na akafurahi elimu ilipotoka kwa mtu ambaye hakuwa kikaoni. Na katazo lile lina pande mbili: anayetoka nje anazuiwa kuingia, na aliye ndani anazuiwa kutoka. Kila upande unabeba mzigo wake kwa ajili ya mwingine.

TUFANYE NINI MAJUMBANI?

Hatuwezi kukaa mahali pa waziri, lakini kila mmoja wetu ana mahali pake. Imamu asingoje maradhi yaingie ndipo atafute namba ya ofisa wa afya wa wilaya. Wajuane leo. Mwenyekiti wa mtaa asigeuze nyumba yenye mgonjwa kuwa ya kunyooshewa vidole, kwani mtu akiona jirani yake ametengwa kwa kejeli, kesho naye ataficha homa ya mwanawe. Waliowekwa karantini wapelekewe chakula na watu wa msikiti, na waliopona warudishwe katika safu bila minong'ono. Nasi tunaosambaza habari kwa simu tukumbuke kuwa Allah (SW) ametuamrisha kuzihakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga.

Na tukiulizwa na muuguzi tumetoka wapi na tumemgusa nani, tuseme kweli, hata kama jibu lina mganga wa kienyeji ndani yake. Kumdai waziri ukweli ni haki yetu. Kumpa muuguzi ukweli ni wajibu wetu.

Maswali ya kuzungumza na watoto baada ya kusoma:

1. Kwa nini watu wa kando ya ziwa waliogopa kambi za malale, ingawa serikali ilikuwa imekwisha kuijua sababu ya ugonjwa?
2. Maimamu wa Iganga walikuwa na nini ambacho tangazo la redio halina?
3. Kwa nini mlipuko hutangazwa kuwa umekwisha baada ya siku 42?
4. Lau mtu wa nyumbani kwetu angeugua baada ya kutoka safari, tungemwambia nani kwanza, na kitu gani kingetufanya tusite?

Tunamuomba Allah (SW) awarehemu waliofariki, awape nguvu wauguzi na madaktari wetu, awaongoze viongozi wetu katika kusema kweli na atuwafikishe nasi kuisema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.